Mbingu Inasema kwa Kinywa cha Nani? Kuchagua kati ya Mengzi, Xunzi, Dong Zhongshu na Ban Biao

Wanazuoni wawili walibishana mbele ya Mfalme Jing wa ukoo wa Han, aliyetawala China kuanzia 157 hadi 141 KK. Huang Sheng alishikilia kwamba Tang na Wu, waasisi wa koo za Shang na Zhou, hawakupewa utawala na Mbingu. Waliwaua mabwana zao, basi. Yuan Gu akajibu kwamba mabwana hao walikuwa madhalimu na mioyo ya watu ilikwisha kuwahama. Kama huko si kupewa na Mbingu, ni nini? Huang Sheng hakutikisika. Kofia hata ikichakaa huvaliwa kichwani, alisema, na viatu hata vikiwa vipya huvaliwa miguuni. Ndipo Yuan Gu alipomtega: kwa hiyo Gaozu naye, mwasisi wa Han aliyeupindua ukoo wa Qin na kukalia kiti chake, alikosea?

Gaozu alikuwa babu yake mfalme. Akimpa haki Yuan Gu, amewapa watu ruhusa ya kumpindua yeye mwenyewe. Akimpa haki Huang Sheng, babu yake amekuwa mwasi. Akapita mlango wa jikoni: mtu anayekula nyama asiguse ini la farasi (waliamini lina sumu) hasemwi kwamba hajui utamu wa nyama, na mwanazuoni asiyegusa habari ya Tang na Wu hasemwi mjinga. Mjadala ukafungwa. Sima Qian, mwanahistoria aliyetuachia kisa hiki, anasema baada ya siku hiyo hakuna msomi aliyethubutu kuufungua tena.

Ukisoma kitabu cha historia cha kawaida utakuta "imani ya Wachina wa kale kuhusu mfalme na Mbingu" imefungwa kwenye aya moja, kana kwamba ilikuwa moja. Ingekuwa moja, Mfalme Jing asingehitaji ini la farasi. Zilikuwa kadhaa, na kila moja iliwafaa watu tofauti. Mwalimu anayetafuta la kufundisha, mwanafunzi mwenye insha, au mtu aliyevutiwa tu, ni vyema ajue anachukua ipi. Mimi huzipima kwa maswali mawili. Mfalme akiwa dhalimu, nani ana ruhusa ya kumwondoa? Na jua likipatwa au mto ukifurika, nani ana ruhusa ya kusema maana yake?

Kwanza neno lenyewe. Kichina husema *tianming*: *tian* ni mbingu, *ming* ni agizo, lile ambalo mkubwa humpa mdogo akalitekeleze. Kulitafsiri kuwa "haki ya kimungu ya wafalme" ni kuchukua nguo ya Ulaya na kumvika Mchina. James I wa Uingereza aliwaambia wabunge wake mwaka 1610 kwamba hata Mungu mwenyewe huwaita wafalme miungu. Katika hoja ya akina James, mfalme hujibu kwa Mungu peke yake, na damu ya ukoo ndiyo hati yake. *Tianming* hunyang'anywa. Kwa Kiswahili ningeiita amana: umewekewa, unaitunza, siku mwenyewe akiitaka inaondoka. Tatizo ni kwamba mwenye amana hii hasemi. Hapigi hodi, hatumi barua. Hivyo kila kizazi kilibidi kiamue ni nani anayemsemea, na hapo ndipo walimu wetu wanne, Mengzi, Xunzi, Dong Zhongshu na Ban Biao, wanapoachana.

Wote wanne, hata hivyo, walichota kisima kimoja. Mwaka 1046 KK hivi, watu wa Zhou kutoka bonde la mto Wei upande wa magharibi waliwashinda Shang pale Muye. Wafalme wa Shang walikuwa wakipiga ramli kwa mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe: wanaichoma, inapasuka, wanasoma nyufa. Maelfu kwa maelfu ya vipande hivyo yamefukuliwa Anyang. Waliomba kwa mababu zao na kwa Di, mkubwa wa wote, na hatujui kama waliwahi kujiuliza kwa nini wao ndio wanaotawala. Zhou ndio waliolazimika kujiuliza. Walikuwa watu wachache waliolipindua dola kubwa. Mshindi wao, Mfalme Wu, akafa baada ya muda mfupi. Mwanawe Cheng alikuwa mdogo. Ami yake, anayejulikana kama Zhougong, akashika hatamu. Na mashariki ukazuka uasi. Katika hali hiyo huwezi kuwaambia wazee wa Shang "tumewapiga, nyamazeni" na ukalala usingizi. Unawaambia: hatukuiba, Mbingu imehama.

Maneno hayo bado yanasomeka kwenye vyombo vya shaba. Kimoja, *He zun*, kilipatikana Baoji mwaka 1963, na maandishi yake yanamtaja Mfalme Wen, baba yake Wu, kuwa ndiye aliyepokea agizo kuu. Kingine, chungu cha miguu mitatu kiitwacho *Da Yu ding*, kinaeleza kwa nini Shang walipoteza agizo lao: wakubwa wao walizama kwenye pombe. Shairi la kale la kumsifu Wen linaongeza kwamba agizo la Mbingu halidumu mahali pamoja. Na Zhougong, katika hotuba moja inayohusishwa naye, anasema waziwazi kwamba Mbingu si ya kuitegemea. Hili la mwisho ndilo linalonivutia zaidi. Mshindi anawatisha watoto wake mwenyewe kwa hoja ileile aliyowashindia wengine. Ila kumbuka nani anasema: ni aliyekwisha kushinda. Hoja ya Zhou haikuwa na njia ya kumjua mwenye agizo kabla ya vita.

Mengzi alijaribu kuitafuta njia hiyo. Aliishi takriban 372 hadi 289 KK, wakati mfalme wa Zhou yupo kwa jina tu na madola yanatafunana. Alizunguka ikulu hadi ikulu akiwashauri wafalme, na wengi wao walimsikiliza kwa adabu kisha wakafanya walilotaka. Siku moja Mfalme Xuan wa Qi akamuuliza kama ni kweli Wu alimshambulia mfalme wa mwisho wa Shang. (Mfalme huyo naye huitwa Zhou, lakini si Zhou ile ya ukoo, herufi ni tofauti, na wanafunzi wengi hujikwaa hapo.) Je, mtumishi anaweza kumuua bwana wake? Mengzi akajibu kwamba anayeuharibu utu ni mnyang'anyi, anayeiharibu haki ni katili, na mtu wa namna hiyo ni jamaa wa kawaida tu. Nimesikia jamaa mmoja aitwaye Zhou aliadhibiwa, akasema. Sijasikia kwamba bwana aliuawa.

Angalia alivyofanya. Hakusema kuua mfalme kunaruhusiwa. Alisema aliyeuawa hakuwa mfalme tena. Jina lilikwisha kumtoka kabla upanga haujamfikia.

Kisha kuna mazungumzo yake na mwanafunzi wake Wan Zhang kuhusu Shun, aliyemrithi Yao katika zama za hadithi. Yao alimpa Shun dunia? Hapana, mtawala hawezi kumpa mtu dunia. Nani alimpa? Mbingu. Mbingu ilimwambia kwa maneno? Hapana, Mbingu haisemi. Huonyesha kwa matendo. Na matendo yenyewe ni ya kidunia kabisa: Yao alipokufa, wenye kesi hawakwenda kwa mwanawe, walikwenda kwa Shun, waimbaji hawakumsifu mwana, walimsifu Shun. Hapo Mengzi ananukuu maneno ya kale: Mbingu huona kama watu wangu wanavyoona, husikia kama watu wangu wanavyosikia. Mahali pengine anapanga daraja kwamba watu ndio wenye uzito kuliko vyote, madhabahu za ardhi na nafaka hufuata, na mfalme ndiye mwepesi kabisa.

Ndiyo maana wengi humkimbilia Mengzi, na nawaelewa. Lakini wengi pia humbebesha asichokibeba. Kwake watu ni mashahidi wa Mbingu; sijaona mahali anapowapa nyundo ya hakimu. Alipoulizwa kama dola ya Yan inastahili kushambuliwa, alisema ndiyo. Qi wakaishambulia. Alipoulizwa tena kama aliwashauri Qi wafanye hivyo, alisema hapana: wangeuliza "nani anaweza kuishambulia?" ningewajibu, ofisa wa Mbingu. Muuaji anastahili kifo, lakini si kila mpita njia ana ruhusa ya kumnyonga. Na kuhusu kumwondoa mfalme aliyeko kitini, anawapa kazi hiyo mawaziri wa damu ya mfalme mwenyewe: wamwonye, na asiposikia baada ya kuonywa mara kwa mara, wamweke mwingine. Mfalme Xuan aliposikia hayo uso ulimbadilika. Mawaziri wa ukoo mwingine waonye, wasiposikilizwa waondoke zao. Mkulima hayumo kwenye orodha.

Hata hivyo yaliyomo yalitosha kuwachoma wafalme. Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima fukara aliyepanda kupitia jeshi la waasi hadi akaanzisha ukoo wa Ming mwaka 1368, aliamuru kitabu cha Mengzi kikatwe. Mwaka 1394 likatolewa toleo lenye vifungu 85 pungufu. Yaani mtu aliyenufaika kuliko wote na hoja hiyo ndiye aliyeifungia mlango baada ya kupita. Japani nako, ambako ukoo wa mfalme ulidaiwa kushuka bila kukatika kutoka kwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua, kulikuwa na hadithi kwamba jahazi likipakia kitabu cha Mengzi kwenda huko huzama njiani. Sina shaka ni hadithi tu, lakini aliyeitunga alijua Mengzi ni mzigo wa namna gani.

Kabla ya Mengzi alikuwepo Mozi, nami nampitia haraka. Msomaji aliyelelewa na Kurani au Biblia atamwona mwepesi kuliko wote: Mbingu yake ina utashi, inawapenda watu wote bila ubaguzi, inalipa wema na kuadhibu uovu. Anaifananisha na bikari ya fundi magurudumu na kipimapembe cha seremala, kifaa cha kupimia matendo ya wakubwa na wadogo. Wepesi huo una mtego wake. Ukianza naye utadhani Wachina wote walimaanisha Mungu wanaposema *tian*, na shule yake ilififia baada ya China kuunganishwa. Waliobaki kwenye mjadala hawakuzungumza hivyo.

Xunzi, aliyeishi kizazi kimoja hivi baada ya Mengzi, ndiye maji baridi. Mwenendo wa Mbingu una utaratibu wake, anasema. Haupo kwa ajili ya Yao mwema wala haukomi kwa sababu ya Jie, mfalme mwovu wa kale. Nyota zinaanguka, miti inatoa sauti, watu wote wanaogopa na kuuliza ni nini. Anajibu: si kitu. Kushangaa ni sawa, kuogopa si sawa. Tunaomba mvua na mvua inanyesha, kwa nini? Hakuna sababu, ni sawa na usipoomba ikanyesha. Kwa nini basi watu waendelee na sherehe hizo? Kwa muungwana ni pambo la utamaduni, kwa watu wa kawaida ni mambo ya mizimu. Fali mbaya za kweli kwake ni zile za binadamu: shamba linalolimwa vibaya hadi mazao yanaharibika, nafaka inayopanda bei, watu wenye njaa, maiti barabarani. Hizo ndizo za kuogopwa.

Kuhusu mfalme dhalimu, Xunzi anatumia mfano anaosema aliusikia kwa waliotangulia: mtawala ni jahazi, watu ni maji, maji hulibeba jahazi, maji hulipindua. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa mfano huo. Lakini ona ulivyo baridi. Maji hayana haki wala kosa yanapopindua jahazi, na nahodha haulizi bahari ina maoni gani, anatazama upepo. Kama unatafuta mfikiri wa kale anayezungumza kama mtu asiyetishwa na kupatwa kwa jua, mchukue huyu. Ila ujue gharama. Ukimwondolea mfalme Mbingu juu ya kichwa chake, unabaki na nini cha kumtisha? Wanafunzi wawili maarufu wa Xunzi ni Han Fei, mwananadharia wa utawala wa sheria kali, na Li Si, waziri wa Mfalme wa Kwanza wa Qin. Si haki kumlaumu mwalimu kwa kila alichofanya mwanafunzi, lakini nafasi aliyoiacha wazi waliijaza.

Dong Zhongshu alikuja kuirudisha Mbingu, na safari hii ikiwa na karani. Aliishi takriban 179 hadi 104 KK, na alimjibu maswali Mfalme Wu wa Han, mtoto wa yule Jing wa ini la farasi. Kwake Mbingu, ardhi na binadamu ni mwili mmoja. Herufi ya "mfalme", 王, ina mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama: mitatu ni Mbingu, binadamu na ardhi, na anayeiunganisha ni mfalme. Dola ikianza kupotoka, Mbingu hutuma maafa kuonya. Isiposikilizwa hutuma maajabu ya kutisha. Isiposikilizwa tena huleta maangamizi. Mbingu ya Dong ni kama mzazi: haikuchapi mara ya kwanza.

Wazo hilo halikuanzia hewani. Babu yake Wu, Mfalme Wen wa Han, jua lilipopatwa mwaka 178 KK alitoa tangazo la kujilaumu na kuwataka watu wamweleze makosa yake. Dong aliligeuza kuwa elimu kamili, na sentensi moja ya kitabu kinachobeba jina lake inaeleza biashara yote: wainamishe watu ili mfalme anyooke, mwinamishe mfalme ili Mbingu inyooke. Nusu ya kwanza ni bei aliyolipa mwanazuoni ili aruhusiwe kusema nusu ya pili.

Nani anasoma ishara? Wasomi wa ikulu. Na kazi hiyo ina hatari zake, kama Dong mwenyewe alivyogundua. Hekalu moja la Gaozu lilipoungua, na jengo la kaburi lake nalo likashika moto, aliandika rasimu nyumbani akieleza maana yake. Mtu aitwaye Zhufu Yan akaiiba na kuipeleka kwa mfalme. Mfalme akawaonyesha wasomi. Mmoja wao, Lü Bushu, mwanafunzi wa Dong mwenyewe, asijue ni kazi ya mwalimu wake, akasema huu ni upumbavu mtupu. Dong alihukumiwa kifo, kisha akasamehewa. Hakuthubutu tena kuandika juu ya maafa.

Upande wa pili wa elimu hiyo ni fali njema, na hapa Malindi inaingia kwenye hadithi. Yongle, mwana wa Zhu Yuanzhang yule aliyemkata Mengzi, alikipora kiti kutoka kwa mpwa wake mwaka 1402. Mtu wa namna hiyo anahitaji Mbingu iseme jambo jema juu yake. Mwaka 1414 ukafika ikulu twiga, zawadi kutoka Bengali, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakaleta mwingine. Wachina walimwona ni *qilin*, mnyama wa heri anayetokea zama za mtawala mwema. Kwa yule wa kwanza Yongle alikataa kupongezwa, akisema dunia ikiwa na amani serikali njema haizuiwi na kukosekana kwa *qilin*. Huyo wa Malindi alitoka mwenyewe kumpokea langoni. Dong Zhongshu angelijua somo hilo kwa moyo. Xunzi, nadhani, angeuliza tu anakula majani gani.

Wa mwisho ni Ban Biao, na simpendi, lakini ukimwacha hutaelewa kwa nini watu hawakuasi kila mavuno yalipoharibika. Wang Mang alitumia ishara za Mbingu kwa wingi kuwanyang'anya Han kiti mwaka 9 BK, akaanguka mwaka 23, na nchi ikajaa wababe. Ban Biao alikuwa amejihifadhi kwa mmoja wao, Wei Ao, aliyekuwa akiota makubwa. Akamwandikia insha kuhusu agizo la wafalme. Wapo wanaodhani utawala ni kama kuwinda paa, anasema, mwenye mbio ndiye anayekamata. Hapana: haupatikani kwa akili wala kwa nguvu. Ukoo wa Liu, yaani wa Han, unatokana na Yao, na ishara zilimfuata mwasisi wake. Kisha mfano unaouma: masikini anayekufa kwa njaa mtaroni alitaka nguo moja mbovu na punje kidogo za akiba, hakupata, kwa sababu hata ufukara umeandikwa. Sembuse kiti cha enzi? Wei Ao hakusikia, Ban Biao akaondoka, na mshindi akawa Liu mmoja, Guangwu.

Sasa wote niwaweke mbele ya kesi moja. Mwaka 209 KK watu 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka kwa lazima walikwama Dazexiang kwa sababu ya mvua. Kwa mujibu wa Sima Qian, kuchelewa adhabu yake ilikuwa kifo. Wawili kati yao, Chen Sheng na Wu Guang, wakaamua kufa wakipigana. Wakaandika "Chen Sheng mfalme" kwenye kipande cha hariri wakakitia tumboni mwa samaki, wenzao waliomnunua na kumpika wakakikuta. Usiku Wu Guang akajificha kwenye hekalu akalia kama mbweha, akitangaza habari ileile. Kisha Chen Sheng akawauliza wenzake: wafalme na mawaziri, wana mbegu yao? Alitawala miezi sita hivi kabla ya kuuawa na mwendesha gari lake, lakini moto aliouwasha ndio ulioiunguza Qin.

Mengzi angekubali kwamba Qin ilikwisha kupoteza jina la utawala, kisha angeuliza kwa upole kama Chen Sheng ni ofisa wa Mbingu. Watu walimfuata mbio, wakamwacha mbio. Xunzi angemcheka samaki na kuonyesha sheria ya kuchelewa: hiyo ndiyo fali mbaya, maji yamelipindua jahazi. Dong angekuwa taabani, kwa kuwa elimu yake inasoma ishara na haina namna ya kutambua iliyotiwa tumboni na mpishi wa njama. Ban Biao angesema mmeona, huyo ni mwinda paa. Na swali la mbegu angelijibu ndiyo, zipo.

Kwa hiyo uchague nani? Ukiwa na darasa la vijana, chukua Mengzi, kwa kuwa anabishanika. Mpe mwanafunzi jibu kuhusu "jamaa mmoja Zhou" na saa nzima itapita. Soma pia kifungu cha Yan, usije ukamfanya mpiga kura wa karne ya 20. Ukiandika kuhusu jinsi ikulu ilivyoendeshwa siku kwa siku, kwa nini wanajimu walikuwa na ofisi na wafalme walijilaumu hadharani, Mengzi hatakusaidia. Huyo ni Dong. Ukiwa na wasomaji wasiovumilia ishara, au wewe mwenyewe huzivumilii, Xunzi. Ukitaka kujua tawala zilijiteteaje, Ban Biao kwa kurasa chache tu. Ukilinganisha na Ulaya, usimweke Dong mbele ya akina James. Ban Biao ndiye anayekaribiana nao, na Charles I, aliyekatwa kichwa Januari 1649, ni kesi ambayo Mengzi angekuwa na la kusema.

Mimi binafsi nimebadilika. Zamani ningesema Xunzi bila kufikiri mara mbili. Siku hizi nampa Mengzi nafasi ya kwanza, na kilichonigeuza ni karatasi moja ya tarehe 12 Februari 1912. Siku hiyo Mama Mfalme Longyu alitoa tangazo la kujiuzulu kwa niaba ya Puyi, mtoto wa miaka sita, mfalme wa mwisho. Tangazo halikutaja kupatwa kwa jua wala mafuriko, wala nasaba ya mtu. Lilisema: mioyo ya watu imeelekea wapi inajulikana, na kwa hiyo agizo la Mbingu linajulikana. Wafalme walimkata Mengzi, wakamfungia, wakasema jahazi lake linazama, na siku ya kufunga mlango hawakuwa na maneno mengine ila yake.

Yuan Shikai, aliyepokea madaraka siku zile, alikuwa Hekalu la Mbingu mjini Beijing Desemba 1914 akitoa sadaka ya kipupwe kama wafalme wa zamani. Mwaka mmoja baadaye akajitangaza mfalme. Machi 1916 alikwisha kuufuta ufalme wake mwenyewe. Majimbo yalikuwa yanamhama moja baada ya jingine, kama wale wenye kesi waliompita mwana wa Yao na kwenda kwa Shun.